Kigingi Kilichoota Majani

Uliangalia pembeni, usinikatalie. Alhamisi iliyopita, katika gazeti hili, tuliacha shoka la Mzee Fidencio likiwa hewani, Bi Críspula Xolalpa amesimama chini yake na kiganja juu ya gome la mwerebi. Mitumbwi kumi na saba ikapita kwenye mfereji wa Tlapala ikipeleka figili na maua sokoni. Kila mwenye upondo aliona, na kila mmoja akagundua ghafla kwamba ng'ambo ya pili kuna bata wazuri wa kutazama.

Basi leo geuza shingo.

Shoka lilishuka. Likapita upana wa kidole kutoka kwenye mkono wa Bi Críspula, likazama ndani ya mti.

"Toa mkono, komadre," akasema Mzee Fidencio huku akilivuta. "Shoka halina adabu."

"Limefunzwa na nani?"

"Nimesema toa."

"Na mimi nimesema mti huu ni mpaka. Mpaka haukatwi na mtu mmoja. Hata mbuzi wako anajua."

Wanaitana komadre na kompadre kwa sababu miaka ishirini na tisa iliyopita Fidencio ndiye aliyemshika Maricruz, binti pekee wa Bi Críspula, kwenye maji ya ubatizo. Kwetu watu waliofungwa na maji hayo hawagombani. Hawakuwa wakigombana, niseme.

Ugomvi wenyewe ni wa hatua tisa. Bustani zao mbili zimepakana, zote zimejengwa kwa matope juu ya maji na babu wa mababu. Kama mwerebi ule ni mpaka, hatua tisa ni za Bi Críspula. Kama si mpaka, ni za Fidencio. Na ni katika hizo hatua tisa tu ndipo bustani ya Bi Críspula inapogusa maji. Upande wake mwingine una barabara ya lami. Mnyang'anye hatua tisa, hana pa kufungia mtumbwi, hana matope ya kitalu cha miche, hana maji ya kumwagilia. Atabaki na kipande cha udongo mkavu na picha ya marehemu mumewe ukutani.

Shoka likapanda tena, likashuka mara ya pili. Mara ya tatu mti ukalia.

Haukulia kama mti. Ulilia kama kengele.

Fidencio akatazama makali ya shoka. Yalikuwa yamemeguka kama jino la mtoto. "Msumari," akasema. Akakohoa, kile kikohozi chake cha kuanzia tumboni, akashika kiuno. "Ngoja nikalete tupa. Usiondoke hapo."

"Niende wapi? Hapa ni kwangu."

Alipozama nyuma ya mahindi yake, Bi Críspula akainama kwenye kidonda cha mti.

Haukuwa msumari. Ndani ya mbao nyeupe, imemezwa yote, kulikuwa na pete ya chuma. Upande mmoja ilikuwa imekatika ikaungwa kwa kipande cha shaba. Na kwenye pete, ukiwa umebanwa hata hauna unene, uzi mmoja wa kamba ya buluu.

Akaigusa kwa ncha ya kidole. Aliijua ile shaba. Aliishika yeye mwenyewe kwa koleo la mkaa siku mumewe Amador alipokuwa akiiunga.

Ilikuwa pete ya mtumbwi wao.

Wewe uliyekulia huku hujaambiwa jambo geni. Mti wa mpaka hupandwa mbichi, uote, ushike ukingo. Kigingi cha kufungia mtumbwi nacho ni mwerebi huohuo, lakini kabla ya kukikita unakibambua gome na kuichoma ncha motoni, kife kabisa. Usipokiua kitaota. Kikiota, kesho na keshokutwa mjukuu wako atakiita mpaka, na jirani ataleta shoka.

Amador alikuwa fundi wa mambo hayo. Alikuwa akipita bustani za watu akiwasuta: "Hicho kigingi chako kina macho ya kuota, bwana, kitakuzalia kesi."

Na sasa siku yenyewe ikamrudia Bi Críspula nzima nzima, kama mtu aliyekaa mlangoni akisubiri kuitwa ndani. Ilikuwa siku ya ubatizo wa Maricruz. Wageni walikuwa wamejaa, tamale za mahindi zinatoka mvukeni, na ukingo wao wa kufungia mtumbwi ulikuwa umeporomoka juzi yake. Fidencio akasema, "Kompadre, kwani mimi ni mtu baki? Kafunge kwangu." Amador akakata tawi, akalikita upande wa Fidencio kwa nyundo tatu, akapigilia pete, akakimbilia kumbeba mwanawe. Hakubambua wala hakuchoma. Lilikuwa kosa la mtu mwenye furaha.

Kosa hilo angemsamehe. La pili ndilo lililomkalisha chini kwenye matope.

Kwa miaka yote iliyofuata Amador hakuugusa mti ule. Mierebi mingine aliipogoa kila mwaka, ule akaupita. Mkewe alipomuuliza, alijibu bila kumtazama: "Mpaka hausumbuliwi." Fidencio alipouliza, jibu lilikuwa hilohilo, na Fidencio akaamini, maana ni Amador aliyesema.

Alijua. Alijua mpaka siku alipokufa, akamwachia mkewe uongo wenye majani.

Bi Críspula akachota matope ukingoni, akaujaza mdomo wa kidonda, akausawazisha kwa kidole gumba. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Mkono ulifanya wenyewe.

Fidencio alirudi na tupa, lakini hakulinoa shoka. Alikaa juu ya kreti la saladi, akawa anapumua.

"Nimechoka, komadre."

"Kakae kwako uchokee huko."

"Sikiliza kwanza. Wanangu wako mjini, hawarudi. Saladi yangu inaungua kwa maji haya machafu. Naimwagilia ife. Umewahi kuona mkulima anayemwagilia kifo? Ordóñez anataka bustani. Anataka aweke uwanja wa mpira, na uwanja hautoshi bila hatua hizi tisa. Amepima mara mbili."

"Ameshafukia bustani nne. Yako iwe ya tano, yangu ya sita. Hongera."

"Jumapili kuna mkutano wa wenye bustani." Alisema akiitazama tupa, si uso wake. "Bi Tomasa atakuuliza Amador aliupanda mti huu kama nini. Sema aliupanda kama mpaka. Sitauliza mara mbili. Neno lako linanitosha. Nitalitupa shoka mferejini mbele ya watu."

Kisha akaongeza, taratibu: "Hujawahi kunidanganya wewe."

Afadhali angempiga.

Nyumbani, Maricruz alikuwa akikoroga uji wa mahindi. Mama yake alimweleza yote akiwa bado na matope kwenye kucha.

"Kwa hiyo ukaziba," akasema Maricruz.

"Nikaziba."

"Umefanya la maana. Basi imekwisha."

"Haijaisha. Jumapili nitaulizwa."

"Nyamaza. Kunyamaza si kusema uongo."

"Hayo ndiyo waliyokuwa wanaambiana wale wa mitumbwi kumi na saba."

"Mama, usinianzie." Maricruz akaweka mwiko chini. "Ukisema kweli, bustani inakufa. Ya kompadre wako nayo inakuwa nyasi za plastiki. Watu wanaanza kumcheka baba kaburini. Ukisema uongo, kila mtu anabaki na chake. Hebu nionyeshe mtu mmoja anayeumia kwa uongo huo. Mmoja tu."

Bi Críspula akakwangua matope kwenye kucha. Uji ukashika chini ya sufuria.

"Yule aliyetupatia pa kufungia mtumbwi," akasema.

"Anataka kuuza!"

"Alitupa pa kufungia, Maricruz. Hakuna aliyemlazimisha. Na sisi tukamgeuzia ukarimu wake kuwa mpaka."

"Na tutakula nini? Ukarimu?"

Bi Críspula akapakua uji. Mtu akikuuliza hivyo na yuko sahihi, unakula uji ulioungua.

Jumapili, baada ya misa, watu walikaa ua wa kanisa kwenye viti vya harusi. Mwenyekiti Bi Tomasa, mwenye sauti iliyozoea kuita wateja wa tamale, alisimama bila kipaza sauti. Ordóñez alikuwa amekaa mbele, viatu vyeupe. Ni nani anayekuja kwenye bustani za matope na viatu vyeupe? Ni mtu aliyekwisha kuamua kwamba matope yatakwisha.

"Bi Críspula. Mti ule marehemu mumeo aliupanda kama nini?"

Fidencio alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Alionekana kama anasali. Bi Críspula alifikiri anamwombea aseme kweli.

"Kama kigingi," akasema.

Viti vikalia watu wakigeuka. Kisha mtu wa nyuma akasema, "Kigingi cha ghorofa tatu?"

"Hakukibambua. Hakukichoma. Pete ya mtumbwi wetu bado iko ndani. Nendeni mkaitazame, nimeiziba kwa matope kwa mkono wangu huu."

"Amador?" akauliza mwingine. "Yule aliyekuwa anatusuta kuwa vigingi vyetu vina macho?"

Wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka mwalimu akiteleza kwenye matope. Bi Críspula alisimama katikati ya kicheko kile mpaka kikaisha, kwa sababu mtu aliyepaswa kusimama humo alikuwa amekwisha kuzikwa. Maricruz alitoka nje akiwa ameshika mdomo.

Fidencio alimfuata hadi gatini, pale watu walipofunga mitumbwi. Alikuwa analia wazi, kama mtoto.

"Kwa nini umesema?"

"Si ndiyo kweli? Hatua tisa ni zako, kompadre. Chukua. Sikudai tena."

"Nani alizitaka?" Akashika ukingo wa mtumbwi wake. "Mwanamke wewe, nani alizitaka? Wanangu walimpa Ordóñez mkono kabla yangu. Mimi nikampa baada yao. Sina tena pa kusema hapana. Nilitaka mkutano useme hapana kwa ajili yangu. Nilikuletea mlango mkononi, nikakuambia neno lako linanitosha, nikakaa pale naomba Mungu udanganye. Na wewe ukaufunga kwa nje."

Bi Críspula akamtazama mzee huyu aliyemjua maisha yake yote, na akaona kwamba hakuwa amemjua wiki hii.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungedanganya?"

 Wote wawili walilijua jibu. Sababu ile ile iliyomfanya Fidencio aliamini neno lake ndiyo iliyowaangamiza.

Bado walikuwa wamesimama pale Bi Tomasa alipowaita warudi. Alikuwa ameshika daftari la desturi za bustani, lililopigwa jalada la nailoni.

"Kama mti si mpaka, mpaka ni mtaro wa zamani. Upo kati yenu, hatua tisa kutoka kwenye mwerebi, upande wa Bi Críspula, unaanzia mferejini hadi jiwe la nyuma ya bustani. Hatua themanini." Akasoma polepole. "Mtaro wenye maji ni wa majirani wote wawili. Haufukiwi. Na bustani iliyo ukingoni mwake haiuzwi mpaka wote wawili wakubali. Mtaro mkavu ni udongo kama udongo mwingine."

Mtu aliyekuwa akichezea simu akaiweka mfukoni. Hata Ordóñez alielewa. Mtaro ukiwa na maji, bustani ya Bi Críspula inayagusa kwa urefu wake wote, na Fidencio hawezi kuuza hata akitaka. Hakuna atakayehitaji uongo wa mtu.

Ordóñez akatabasamu kwa heshima kubwa. "Na maji yako wapi, mama?"

Kila mtu alijua yaliko. Mtaro ule umejaa udongo na magugu kifua kizima, mkavu tangu Maricruz anaanza shule.

"Jumamosi saa sita mchana tunatia saini," akasema Ordóñez. "Mpaka wakati huo, mtakayemkuta na maji humo mwambieni nampongeza."

Sasa ngoja nikuulize: nani aliukausha mtaro ule? Usiniambie mabomba. Najua habari za mabomba. Wenye mabomba walipokuja kunyonya chemchemi zetu kuupelekea mji maji, nilikuwepo, tulipiga kelele wiki mbili kisha tukaenda kupanda figili. Maji yalishuka, kweli. Lakini mfereji mkuu haukukauka. Mitaro ndiyo iliyokauka, kwa sababu zamani kila Februari kila mtu alichota matope mbele ya bustani yake. Mwaka mmoja jirani akasema mgongo unamuuma. Mwaka uliofuata wakawa wawili. Kisha sote tukaumwa mgongo kwa pamoja, mtaa mzima, ugonjwa wa ajabu usio na daktari.

Jumatatu asubuhi Bi Críspula, mwenye miaka sitini na minne, alishuka na chepe mahali mtaro unapokutana na mfereji. Akakata magugu. Akachimba hadi kiunoni. Hatua ya kwanza ilipofunguka, maji yakaingia taratibu, meusi, yakamfunika vifundo vya miguu.

Maricruz alikuja saa nne na chakula. Akamtazama mama yake. Akavua viatu. Alichimba mpaka muda wa kazi yake hotelini ulipofika, akaondoka na matope masikioni.

Jumatatu, hatua tatu. Jumanne, nne. Viganja vya Bi Críspula vilipasuka, akavifunga kwa vitambaa vya aproni.

Jumatano Fidencio alitoa kreti lake, akakaa upande wake wa mpaka. Alimpa mgongo kwanza. Baadaye akageuka.

"Utafia humo, komadre."

"Basi nizike upande wako. Wangu umebanana."

"Ungesema uongo mmoja tu."

"Amador alisema mmoja. Ona ulivyokua."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti. Bi Críspula alisimamisha chepe akamsubiri. Alipoweza kupumua, Fidencio akasema:

"Mapafu yangu hayawezi chepe."

"Sijakuomba."

"Ndicho kinachoniuma. Hukuniomba."

Akanyanyuka, akaingia kwake. Bi Críspula alidhani amekwenda kulala. Lakini alirudi na karai, akapiga magoti kwenye ukingo, akaanza kulijaza udongo kwa mikono mitupu, ngumi moja moja, na kuuburuta udongo ule hadi kwenye mahindi yake. Kila karai lilimchukua muda wa kusali rozari nzima.  Walifanya hivyo mpaka damu ikaonekana kwenye kitambaa alichokuwa akikoholea, na Bi Críspula akatoka mtaroni, akamnyang'anya karai, akamwongoza mlangoni kwake kwa kumshika kiwiko.

Aliporudi, pembezoni mwa mtaro alisimama fundi wa Ordóñez na kamba ya kupimia. Alikuwa akipigilia vigingi vya chuma. Kimoja alikikita katikati kabisa ya njia ya mtaro, hatua moja tu mbele ya chepe la Bi Críspula.

"Samahani, mama," akasema. "Nimetumwa."

Bi Críspula akashuka tena majini na kuanza kuchimba kukizunguka.

Hatua kumi na moja zimefunguka. Zimebaki sitini na tisa. Leo ni Alhamisi. Mzee mmoja yuko kitandani anatema damu, mama mmoja yuko mtaroni, binti mmoja yuko zamu hadi jioni. Watu watatu hawafikishi maji kwenye jiwe la nyuma kabla ya saa sita ya Jumamosi. Watu arobaini wanalifikisha asubuhi moja, na kifungua kinywa kikiwa bado cha moto.

Usiniandikie barua kuniuliza kama atafika. Usinitumie salamu za kumpa pole. Najua mlango gani nyuma yake una chepe, najua mwezi gani mlianza kuumwa mgongo, na wale wa mitumbwi kumi na saba nawajua kwa majina. Likunje gazeti hili, uliweke chini. Vaa viatu vibovu. Mpitie jirani uliyenuniana naye, mwambie alete karai. Mfereji wa Tlapala, kwenye mdomo wa mtaro, upande wa kushoto ukitokea kanisani. Nenda sasa hivi.